Mkalimani wa Mashine

Neno dereva tulilipata kwa Mwingereza pamoja na gari lake, tukalizoea mpaka tukasahau lilikotoka. Baadaye likaingia mara ya pili, kwa mlango wa kompyuta, na safari hii mafundi wanalitamka draiva. Dereva wa daladala ya Ngarenaro unamjua, labda hata mmeshagombana naye kuhusu chenji. Huyu wa pili wengi wetu hatujawahi kumwona, ingawa bia, soda, unga na hata maji ya bomba katika miji mingi ya dunia hii hupita mkononi mwake kabla ya kumfikia mtu. Nataka nikusimulie historia yake, ndugu msomaji, kwa sababu imeambatana na historia ya mji wetu kuliko unavyodhani.

Kwanza kazi yake. Ndani ya kiwanda cha kisasa kuna kabati la umeme, na ndani ya kabati hilo kuna kijikompyuta kigumu kisichoogopa vumbi wala joto. Mafundi wanakiita PLC. Kinasoma swichi na vihisi, kinaamua, kisha kinawasha mota au kufunga vali. Ofisini kuna kompyuta ya kawaida, yenye kioo kinachoonyesha picha za matangi na mabomba, na msimamizi amekaa mbele yake na chai yake. Kompyuta ya ofisini na PLC ya kwenye kabati hazielewani hata kidogo. Moja inasema lugha yake, nyingine yake. Draiva ya mawasiliano ni programu ndogo inayokaa katikati, ikichukua swali la huku na kulipeleka kule kwa lugha ya kule, kisha ikarudi na jibu. Kwa ufupi ni mkalimani.

Na Arusha, jamani, ni mji unaoujua ukalimani. Novemba 1951 Wameru wa Engare Nanyuki walihamishwa kwa nguvu ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuyaeleza hayo mbele ya Umoja wa Mataifa, akiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Dai lilikuwa la watu wa mlimani, lakini ili lisikike kule lilibidi lipite katika karatasi, utaratibu na lugha ya watu wengine. Miaka mingi baadaye, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikaa hapa mjini tangu 1995 mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na kila siku wakalimani walihamisha maneno kati ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Neno moja likikosewa, ushahidi wa mtu unageuka. Shika wazo hilo, tutalihitaji.

Makabati ya waya

Kabla ya PLC viwanda vikubwa viliongozwa na rilei. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme: umeme ukipita kwenye koili, sumaku inavuta, mguso unafunga, mota inaondoka. Ukitaka mota ya pili isiondoke mpaka ya kwanza imesimama, unaongeza rilei nyingine na waya zake. Mitambo ya kuunda magari ilikuwa na mamia ya rilei katika makabati makubwa kama vyumba. Kila mwaka gari jipya lilipobuniwa, mafundi walifumua waya na kuzifunga upya. Ikitokea rilei moja imekwama, usiombe: unaitafuta kati ya mamia, na kazi imesimama.

Sasa angalia tarehe. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na neno kujitegemea likaanza kuimbwa shuleni, redioni na mashambani. Mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Januari 1968, mhandisi wa Kimarekani aitwaye Dick Morley aliandika maelezo ya mashine ambayo ingeondoa makabati yale ya rilei. Mwaka huohuo kampuni ya General Motors, kupitia kitengo chake cha Hydramatic, ilikuwa ikitafuta kitu cha namna hiyo. Morley na wenzake wa Bedford Associates, Massachusetts, walikitengeneza. Wakakiita 084, kwa kuwa ulikuwa mradi wao wa 84, na kampuni waliyoianzisha ikaitwa Modicon.

Ujanja wa Morley na wenzake ulikuwa huu: hawakumlazimisha fundi umeme ajifunze lugha ya wataalamu wa kompyuta. Programu ya PLC ilichorwa kama michoro ileile ya rilei aliyoizoea fundi, mistari miwili ya wima na vidaraja katikati, mpaka ikaitwa ngazi. Kubadilisha kazi ya mtambo hakukuhitaji tena kufumua waya. Unabadilisha mchoro, basi.

Wakati huo sisi

Wakati huo hapa kwetu tulikuwa tunajenga viwanda. General Tyre ilianzishwa 1969 na kuanza kutoa matairi 1971, serikali ikiwa na hisa 74 katika kila 100. Kiltex ilifuma vitambaa. Kuna mtaa mzima uliobeba jina la kinu, Unga Limited, na mpaka leo mtu anakwambia anakaa Unga Limited bila kufikiria unga. Mwaka 1978 kikafunguliwa Chuo cha Ufundi Arusha kwa msaada wa Wajerumani. Mwaka 1980 ikaja TEMDO ya kubuni mitambo, na 1981 TANELEC ya kutengeneza transfoma. Kwa mji uliokaa chini ya Mlima Meru, wenye kahawa na ndizi pande zote, si haba.

Lakini kati ya hapo kuna jambo ambalo wazee hawalisimulii sana. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, pamoja na televisheni. Sababu ilikuwepo. Wizara ya Fedha ilikuwa imenunua kompyuta tangu 1965, mtambo ukaleta hasara na matatizo badala ya nafuu, na uamuzi ukawa kufunga mlango. Nchi maskini, iliyokuwa inahesabu kila dola, ilikuwa na haki ya kuogopa mtambo usioeleweka. Vizuizi vikalegea polepole katika miaka ya themanini.

Sisemi kwamba marufuku ile ndiyo iliyoua viwanda. Hiyo ingekuwa hadithi rahisi mno. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, soko likapungua. Vita ya Kagera ikaja, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana. Ninachosema ni kwamba katika miaka ileile ambayo dunia ya viwanda ilikuwa inajifunza kuzungumza na mashine, kizazi kizima cha mafundi wetu kilikuwa na nafasi ndogo sana ya kuigusa kompyuta. Na lugha isipoguswa mdomoni haiji.

Kilugha na Kiswahili

Mwaka 1979, sisi tukiwa tunasikiliza habari za vita redioni, Modicon walitoa itifaki yao ya mawasiliano, Modbus. Itifaki ni makubaliano ya namna ya kuzungumza: nani anaanza, anasema nini, anajibiwaje.

Kila mtengenezaji wa PLC alikuwa na itifaki yake. Allen-Bradley walikuwa na yao, Siemens wana yao, Wajapani wana zao. Ukinunua mashine ya mmoja umejifunga kwake kwa kebo, programu na fundi wake. Ilikuwa kama soko ambalo kila muuzaji anajibu kwa kilugha chake tu, na asiyekijua arudi nyumbani bila nyanya.

Modbus ilikuwa nyepesi, na maelezo yake yalitolewa wazi. Yeyote aliweza kuitumia kwenye kifaa chake. Kwa hiyo watengenezaji wadogo wa mita, pampu na mizani wakaichukua, halafu na wakubwa wakalazimika kuisikiliza. Nenda Soko Kuu hapa mjini utazame: Mwarusha, Mmeru, Mchaga, Mrangi, Msomali, Mhindi, kila mmoja ana lugha ya nyumbani kwake, lakini bei wanapatana kwa Kiswahili. Modbus ikawa Kiswahili cha mashine. Haina maneno ya kifahari. Inasoma namba na kuandika namba, na kwa kazi nyingi inatosha. Mwaka 2004 haki zake zikakabidhiwa kwa shirika la pamoja la watumiaji, na hadi leo mashine mpya zinatoka kiwandani zikiijua.

Namna ya kumpanga draiva

Sasa tuingie karakanani kidogo, maana mwandishi asiyejua kazi inavyofanyika ataishia kusifu au kulaani tu. Tuseme una kompyuta na PLC, na kati yao kuna waya mbili za aina iitwayo RS-485. Waya hizi zinaweza kufika hata meta 1,200, wakati ile ya zamani ya RS-232 ilipimiwa meta 15 hivi. Unafungua draiva, inakuuliza maswali. Kila swali ni makubaliano, na pande zote mbili lazima zijibu sawa.

La kwanza ni kasi. Inapimwa kwa baudi, jina lililotokana na Émile Baudot, Mfaransa wa simu za maandishi. Mara nyingi utakuta 9,600 au 19,200. Mmoja akisema haraka na mwingine akisikiliza taratibu, kinachosikika ni kelele.

La pili ni pariti. Kila herufi inatumwa kama mfululizo wa sifuri na moja. Pariti inaongeza alama ya ziada ili jumla ya moja zote iwe shufwa, au witiri, mtakavyopatana. Ni kama konda anayehesabu abiria kila kituo: hesabu isipolingana anajua kuna aliyeshuka bila kulipa, ingawa hajui ni nani. Juu ya hiyo, mwishoni mwa kila ujumbe wa Modbus kuna namba nyingine ya kuhakiki ujumbe mzima.

La tatu ni anwani. Kwenye waya mbili hizohizo vinaweza kuning'inia vifaa vingi, kila kimoja na namba yake kuanzia 1 hadi 247. Mkuu anaita namba, mwenye namba anajibu, wengine kimya. Ukivipa vifaa viwili namba moja vitajibu kwa pamoja, na hutaelewa hata kimoja.

La nne ndilo linalowatoa jasho wengi. Namba ndani ya PLC zimehifadhiwa katika rejista. Kitabu cha maelekezo kinaandika rejista ya 40001, lakini ndani ya ujumbe wenyewe rejista hiyo inaitwa sifuri. Kitabu kinaanzia moja, waya inaanzia sifuri. Usicheke, sisi tunalijua hilo kuliko wote. Mgeni ukimwambia tuonane saa mbili asubuhi atakuja usiku wa manane akutafute, kwa kuwa yeye anahesabu toka usiku wa manane na wewe unahesabu toka jua linapochomoza. Wote mko sahihi, ila mnaanzia mahali tofauti. Fundi asiyelijua hili atasoma joto la tangi la jirani akidhani ni lake.

La mwisho ni subira. Ukiuliza rejista 10, swali lina baiti 8 na jibu lina baiti 25. Kila baiti inasafiri kama alama 11, kwa hiyo jumla ni alama 363. Kwa kasi ya 9,600 zinapita kwa takriban sehemu 4 za 100 za sekunde. Ni haraka, si ndiyo? Lakini draiva inaulizwa pia: kifaa kisipojibu tungoje kwa muda gani, na tumwite mara ngapi? Ukiweka sekunde moja na mara tatu, kifaa kimoja kilichokufa kinawachelewesha wenzake wote sekunde tatu kila mzunguko. Foleni nzima inamngoja mtu aliyeshaondoka.

Ukishajibu hayo yote vizuri, kioo kinaamka. Namba zinaanza kupepesa, tangi linajaa kwenye picha kama linavyojaa kule nje. Fundi yeyote atakwambia dakika hiyo ni tamu.

Nani ameshika ufunguo

Miaka ya tisini mambo yaligeuka. Mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Mwaka 1993 nusu ya hisa za Tanzania Breweries, kampuni iliyokuwa na kiwanda hapa Arusha pia, ilikwenda kwa kampuni ya bia ya Afrika Kusini. Televisheni Tanzania Bara ikaanza 1994. Kompyuta zikaingia bila woga. Na huko duniani, mwaka 1996, ukatoka utaratibu uitwao OPC, ambao uliziwezesha programu za ofisini kuzungumza na draiva za makampuni mbalimbali kwa namna moja. Kabla ya hapo kila programu ilihitaji draiva yake kwa kila aina ya PLC.

Kwa hiyo mlango ukafunguka. Lakini mlango ukifunguka haina maana ufunguo uko mfukoni mwako. Mtambo wa kisasa huja na mkandarasi wake. Anaufunga, anaipanga draiva, anaweka neno la siri, anapiga picha na wenyeji, anaondoka. Programu iliyomo ndani ya PLC anayo yeye kwenye kompyuta yake. Orodha ya rejista anayo yeye. Baada ya miaka minne kipande kimoja cha mtambo kikibadilishwa, au kompyuta ya ofisini ikifa, wenyeji wana mashine nzima, umeme upo, malighafi ipo, wafanyakazi wapo, ila hawana mtu wa kuisemesha. Anaagizwa mtaalamu, anashuka Uwanja wa Kilimanjaro, anaandika namba tano, anaondoka tena. Zile namba tano ndizo nilizokueleza hapo juu.

Hapa ndipo ninapoliona Azimio kwa macho mengine. Mwaka 1967 kujitegemea kulimaanisha kuwa na kiwanda mikononi mwa umma, na majengo yakapatikana. General Tyre ilisimama kazi 2009, kwa sababu nyingi ambazo si za draiva, na majengo yake hayakuondoka. Kumbe majengo ni kitu kimoja, na kuijua mashine ni kitu kingine. Hisa 74 kwa 100 hazikusaidii kuuliza rejista ya 40001.

Wala haimaanishi kila mgeni ni mwizi. Mwaka 2003 A to Z ya hapa Arusha ilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ambayo Sumitomo Chemical ya Japani iliitoa bila kudai mrabaha. Ujuzi unaweza kuhama ukiandikwa kwenye mapatano tangu mwanzo. Asiyeomba hapewi.

Mkalimani mwongo

Kuna mtu atasema: basi kila kitu kiwe wazi kama Modbus. Taratibu. Modbus ya asili haina neno la siri. Haiulizi wewe ni nani. Yeyote aliyefika kwenye waya anaweza kusoma na kuandika, kama nyumba isiyo na mlango kwa kuwa zamani kijijini wote walifahamiana. Zilipokuwa waya mbili ndani ya ukuta wa kiwanda haikuwa shida. Ukiiunganisha na mtandao wa dunia, ni shida kubwa.

Na mwaka 2010 dunia ilijifunza somo jingine. Kiligunduliwa kirusi cha kompyuta kilichoitwa Stuxnet, kilicholenga mitambo ya kurutubisha urani ya Natanz nchini Iran. Kirusi hicho kiliingia kwenye programu ya Siemens na kubadilisha kile kipande hasa kinachobeba mazungumzo kati ya kompyuta na PLC. Mashine zikaamriwa kuzunguka vibaya, huku wahandisi wakionyeshwa kwamba yote ni shwari. Mkalimani alikuwa amenunuliwa. Unakumbuka lile neno moja linalogeuza ushahidi wa mtu? Ndilo hilo. Asiyeielewa lugha ya pande zote mbili hana njia ya kumkagua mkalimani wake, atabaki kutikisa kichwa tu.

Kazi yetu

Leo kompyuta ya mkononi iliyotumika inapatikana, kigeuzi cha kuunganisha RS-485 si ghali, na programu za kuisemesha Modbus zinagawiwa bure. Chuo cha Ufundi kipo palepale. Kijana wa Sakina au Tengeru anaweza kujifunza hayo maswali matano, akakosea nyumbani ambako hakuna kinacholipuka, akarudia mpaka akaweza. Na kiwanda kinachonunua mtambo kinaweza kudai mambo matatu kabla ya kulipa shilingi ya mwisho: nakala ya programu, neno la siri, na orodha ya rejista. Madai hayo hayahitaji mkutano wa kimataifa.

Kwa sisi tunaoandika kuna kazi ya nne. Orodha ile ya rejista huja kwa Kiingereza, Kijerumani au Kichina, na fundi wa zamu ya usiku anaisoma kwa kubahatisha. Itifaki tumeshapata neno lake. Shufwa na witiri tunayo tangu shule ya msingi. Baudi, pariti, rejista, yaingie tu na yavae nguo zetu, kama dereva alivyoingia akawa mwenyeji. Anayeweza kuandika shairi zuri la mapenzi anaweza pia kuandika ukurasa mmoja wa maelekezo ambao fundi wa saa nane usiku, mvua inanyesha Njiro na mtambo umegoma, atausoma mara moja na kuelewa.

Ukurasa huo ubandikwe ndani ya mlango wa kabati la umeme. Usiwe na jina la mwandishi, hamna neno. Mtambo ukiondoka, jina lako limesomwa.